Harambee ya Nyota

Shule niliiacha darasa la saba, na sikuona ikinifuata kunirudisha. Kazi nilijifunza Nakuru, chini ya mabati ya mafundi wa jua kali, bila kitabu, kwa kugongwa spana kwenye vifundo vya vidole kila nilipokosea. Leo nikisimama kando ya gari, boneti imefungwa, nakwambia ni beringi ya gurudumu lipi iliyokufa. Watu wenye digrii mbili mbili wameniletea magari yao, wakasimama pembeni na kahawa zao kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Nayasema haya mapema ili unayesoma ujue ni nani anaongea. Nilifika Maryland na begi moja. Nikaosha magari majira ya baridi hadi mikono ikapasuka. Nikafungua gereji yangu Gaithersburg, lifti tatu, kibao changu juu ya mlango, na ufunguo wa mlango huo ulikuwa mfukoni mwangu, si mwa mtu mwingine.

Nilikuwa na fundi mmoja. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, amepita miaka sitini, magoti mabovu, na kofia ya kijivu ambayo sikuwahi kumwona akiivua ila kwa kula. Kiingereza alikuwa na maneno matatu ya kazi na moja la kuomba radhi. Kiswahili chake cha kwao kilikuwa na Kifaransa ndani, na tulielewana. Aliniita patron, yaani bosi kwa Kifaransa, mimi nikamwita Mzee. Sasa nitasema jambo ambalo sijalisema mbele ya wanaume: alinishinda kazi. Mimi nasikia beringi. Yeye alisikia gari likiwa bado linakata kona kuingia uwanjani, na akaanza kutoa spana ya saizi yake kabla mwenye gari hajafungua mlango.

Tena alikuwa na tabia ya kunitia hasara. Mteja akija akidhani breki zimekwisha, Mzee anaingia chini, anatoka, anatikisa kichwa: bado nzima, nenda nyumbani. Nikamgombeza mara nyingi. Lakini wateja hao ndio waliotuandika. Kwenye ile ramani ya simu, pale watu wanapotoa nyota na maneno, gereji yangu ilikuwa na watu tisa, na katika tisa hao, saba walimtaja mzee wa kofia, wa kwanza wao mama mmoja aliyekuja na mbwa wake. Binti yangu alikuwa akija Jumamosi kutuletea chakula, na akiona neno jipya anamsomea Mzee kwa Kiswahili chake kilichopinda. Mzee alinawa mikono kwanza. Sabuni, hadi viwiko, ndipo akae kwenye tairi asikilize. Nilimcheka. "Unanawa unaenda kupokea komunyo?" Akasema, "Patron, wewe una kibao. Mimi niko na hii."

Hakusema uongo. Cheti cha ufundi hakuwa nacho, na mtihani wake huku unafanywa kwa lugha ambazo hakuzijua. Karatasi zake za kazi za kule zilibaki kule, katika nyumba ambayo haipo tena. Hayo maneno ya watu tisa ndiyo yaliyokuwa barua yake ya kuombea kazi.

Mwezi wa tisa mwenye jengo akaja na karatasi. Mkataba wangu unaisha; nikitaka kubaki, nitie sahihi ya miaka mitano kabla ya Krismasi, la sivyo ana mtu mwingine. Nikaiweka karatasi juu ya friji. Ukweli ni kwamba mwaka mzima lifti mbili kati ya tatu zilikuwa zimekaa chini. Kampuni kubwa ya gereji ilikuwa imefungua karibu na barabara ya 270, na sielewi watu walivyoijua haraka hivyo. Mimi gereji ikinipotea nina mikono na nina mdomo, ningeanza upya, nimeshaanza upya mara nne. Mzee alikuwa na gereji hiyo tu.

Binti yangu aliiona karatasi. Yeye anafanya kazi ya ofisi Rockville, kazi ya kompyuta, na ananielewa kila neno lakini hunijibu kwa Kiingereza. Hapa naandika nilivyomsikia moyoni, yaani kwa Kiswahili.

"Baba, umewahi kujitafuta?"

"Nijitafute kwani nimepotea?"

"Umepotea. Tazama."

Akaandika kwenye simu maneno ya kawaida tu, ya mtu anayetaka kutengenezewa breki Gaithersburg. Wakatokea wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akavuta kwa kidole. Wa kumi. Mimi sipo. Nilikuja kuonekana chini kabisa, na hata hapo tulikuwa tumewekwa mahali petu pa zamani, ng'ambo ya barabara, ambapo tuliondoka miaka mitatu iliyopita. Siku hizi pale panauzwa magodoro. Maana yake watu walikuwa wakiongozwa na simu zao hadi kwenye duka la magodoro kuulizia breki. Na saa za kazi zilisema Jumamosi tumefunga, na Jumamosi ndiyo siku yetu kubwa.

"Nani aliandika ujinga huu?"

"Wewe, Baba. Ulipofungua. Hukurudi tena."

Akaniambia kwamba siku hizi wengi hata orodha hawasomi. Wanaiuliza simu kama wanavyomwuliza jirani, na simu inawajibu jina moja, mawili.

"Na inajuaje?"

"Inasoma watu walichoandika. Wewe umeandikwa na watu tisa tu."

Nikamjibu kwa methali niliyoishi nayo tangu Nakuru: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Basi mbona lifti ziko tupu?"

Kutoka chini ya gari nikasikia Mzee anacheka. "Mtoto amekupiga, patron. Kaa chini."

Nikakaa. Akanipa mpango wake. Kwanza arekebishe mahali na saa. Tupige picha za kazi, si za kibao. Tuandike kila kazi tunayofanya kwa maneno ambayo mteja mwenyewe angetumia, siyo maneno ya mafundi. Na kila mteja akimaliza, tumwombe aandike alichofanyiwa, gari gani, shida gani. Mmoja mmoja.

"Itachukua muda gani?"

"Miezi sita. Labda minane."

Nikatazama juu ya friji. Krismasi ilikuwa miezi mitatu. Hapo ndipo nilipofikiri kwa akili yangu mwenyewe, na akili yangu ilikuwa haijawahi kuniangusha.

Kanisani kwetu hakuna shida isiyo na harambee. Mtu amefariki na mwili unatakiwa Kenya, harambee. Paa linavuja, harambee. Tunajua kuchangishana kuliko tunavyojua kuimba. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, nikaomba maikrofoni. Nikasema, "Ndugu zangu, sitaki mfuko upite. Leo nataka vidole." Wakacheka. Nikawaeleza. Shemasi wetu, mtu ambaye angeweza kuchangisha hata kwenye kaburi, akaninyang'anya maikrofoni.

"Leo hatuchangi dola," akasema, "leo tunachanga nyota. Akina mama upande huu, akina baba upande ule, tuone nani anampenda fundi wetu."

Nenosiri la mtandao wa kanisa likaandikwa kwenye ubao wa nambari za nyimbo. Watu mia na ushee wakainamisha vichwa, na mtu akiingia wakati ule angedhani tunaomba. Mama mmoja nesi, mtu wa heshima sana, akanyoosha mkono. "Niandike nini mimi, na mimi napanda basi?"

"Andika unavyomjua," akasema shemasi.

"Namjua anapenda kuongea."

"Hilo liache, mama."

Akaandika kwamba mimi ni mnyenyekevu na Mungu anizidishie. Wengi waliandika hivyo. Mnyenyekevu, amebarikiwa, mcha Mungu, nyota tano. Mimi nikatuma pia kwenye kundi la ukoo, na kabla jua halijazama binamu yangu wa Molo, ambaye chombo chake cha usafiri ni punda na mkokoteni, alikuwa ameshasifu nilivyomtengenezea gia. Shemasi alipotangaza hesabu ilikuwa sitini na moja. Akina mama waliwashinda akina baba, wakapiga vigelegele. Nilirudi nyumbani nikiendesha kwa mkono mmoja.

Jumatatu nikamwonyesha Mzee ile namba. Alisogeza simu mbali na macho, akaisoma.

"Hawa batu bote tuliwatengenezeaka magari?"

"Baadhi."

"Ngapi?"

Nikafikiri. "Watano. Sita."

Akanirudishia simu. "Patron, ile ni bongo." Kwao bongo ni uongo. Hakusema zaidi. Akaingia chini ya gari.

Binti yangu alisema zaidi. Alipiga simu akiwa kazini, sauti ya chini, na nikajua ana hasira kwa sababu alijaribu kusema Kiswahili. "Baba, umefanya nini? Watu wote mtandao moja, siku moja, maneno moja?" Akaniambia niwaombe wafute, wote, leo. Kwamba zile mashine zinaona. Nikamwambia harambee hairudishwi, ni kama kumwambia mtu arudishe sadaka. Tena simu ya gereji ilikuwa imeanza kulia. Sijui kama ni nyota au ni yeye kurekebisha mahali na saa. Yeye anasema ni mahali na saa. Mimi nilisema ni nyota. Siku tisa, lifti zote tatu zikawa juu. Nilimpigia nikamwambia, "Miezi sita yako nimeimaliza kwa saa mbili." Nilikuwa nimeishusha ile karatasi kutoka kwenye friji na kutafuta kalamu.

Siku ya kumi simu haikulia. Nikadhani imekufa chaji. Mchana binti yangu akaja mwenyewe, siku ya kazi, na koti la ofisi. Akasimama karibu na kompresa akatusomea barua iliyokuja kutoka kwa wenye ile ramani. Ukurasa wa gereji umesimamishwa. Maoni yaliyomo si ya wateja wa kweli. Yameondolewa.

Mimi nikauliza, "Wamesimamisha kwa siku ngapi?"

Mzee aliuliza pamoja nami, sauti zikagongana, na lake ndilo lilikuwa swali. "Na zile tisa?"

Binti akaangalia chini. "Zote, babu," akamwambia. Huwa anamwita babu. "Zimeondoka zote."

Utauliza kwa nini hatukuzipiga picha. Nani hupiga picha ya kitu kilicho pale kila siku? Utauliza kwa nini hatukuwapigia wateja wale. Namba za wateja mimi nilikuwa nazitunza kichwani, nikajisifu hivyo, na kichwani mlikuwa na magari, si namba. Tulimpata mmoja. Alikuwa radhi kuandika tena, lakini ukurasa haukuwapo wa kuandikia.

Binti alikata rufaa. Alikaa Jumapili mbili akiandika, akieleza desturi yetu, kwamba haikuwa hila, ni watu wanavyosaidiana. Alinisomea na mimi nikaona ni barua ambayo ingemlainisha hakimu. Jibu lilikuwa fupi kuliko salamu zake. Uamuzi unabaki. Nikaanza kumtukana asiyekuwapo, na binti akaniacha nikamaliza.

Ile karatasi sikuitia sahihi, na kabla ya Krismasi niliteremsha kibao. Mzee alishika ngazi.

Januari nikampeleka Springfield, huko Virginia, kwenye gereji niliyosikia inatafuta mafundi. Nilivaa suti. Mzee alivaa koti alilopewa na kanisa lake, na kofia. Tukavuka mto, tukaingia kwenye lile fundo la barabara zinazopandana, na njia nzima nilikuwa nampa maneno ya kusema ingawa nilijua mimi ndiye nitakayesema.

Meneja alikuwa kijana mwenye adabu. Akauliza cheti. Hakuna. Akauliza amefanya kazi wapi. Nikasema kwangu, miaka saba, na nikamweleza mimi ni nani. Kijana akasema sawa, jina la gereji? Nikamtajia. Akatoa simu mfukoni akaandika. Nilimwona akivuta kwa kidole, akivuta tena, vile binti yangu alivyovuta siku ile. Kisha akaigeuza tuione.

"Sioni kitu, bwana."

"Mimi ndiye niliyesimama hapa. Nakwambia kwa mdomo wangu."

"Nakuamini. Lakini lazima niwe na kitu cha kumwonyesha bosi."

Nikamwomba ampe Mzee gari lolote uwanjani, alisikilize tu, asiliguse. Akasema bima haimruhusu mtu wa nje kusimama kule. Akasema pole, na nadhani alimaanisha.

Mzee hakuelewa Kiingereza chetu. Lakini ile simu aliielewa. Alikuwa ameutazama ukurasa ule Jumamosi nyingi, alijua nyota hukaa wapi. Alipatazama pale pale, kisha akamshukuru kijana kwa lile neno lake la kuomba radhi, maana ndilo alilokuwa nalo.

Tulipokaribia daraja akaniita.

"Patron. Alitafuta yale maneno?"

"Aliyatafuta."

"Hakuyaona."

"Hakuyaona, Mzee."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Mimi sikosi la kusema, hata kwenye mazishi hupewa maikrofoni nikaambiwa nifupishe. Nikasema, "Nitakutafutia pengine."

Akatazama maji. "Siku ile ungeniuliza kwanza. Nyota tisa zilikuwa za kwangu."

Sasa ninafanya kazi kwenye gereji ya mtu mwingine, nimekodi sehemu ya lifti moja nyuma kabisa, karibu na mapipa. Naendelea, wala simwombi mtu. Binti amenifungulia ukurasa mpya: mahali ni sahihi, saa ni sahihi, kuna picha ya mikono yangu ndani ya injini. Kila mteja akimaliza namwomba mwenyewe, mmoja mmoja, na namba yake naiandika kwenye daftari. Wameandika wanne. Mmoja amesema kazi ni nzuri ila fundi anaongea sana. Binti amenikataza kulijibu hilo. Anasema nishukuru.

Mzee anakusanya vitoroli kwenye uwanja wa supamaketi, pembeni ya Rockville Pike. Vile vya kuwekea vitu, watu wanaviacha kila mahali, naye anavipanga kimoja ndani ya kingine na kuvisukuma hadi mlangoni, kwa yale magoti. Wamempa koti la rangi ya machungwa. Kofia ni ile ile.

Nilienda kumwona mwezi wa pili, kuna barafu nyeusi imeganda kando ya lami. Nilipoingia uwanjani aliinua kichwa kabla hajaliona gari langu. Nikasimama, sijazima, akaja akaweka mkono juu ya boneti.

"Mkanda, patron. Iko nalia."

Nikasikiliza. Sikusikia kitu. Nikasema, "Nimeubadilisha mwaka jana."

"Haitamaliza wiki mbili."

Tukaongea habari za nyumbani. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia mgonjwa, "Yale maneno yalirudi?"

"Bado."

"Ya yule madamu wa mbwa?"

"Bado, Mzee."

Akainama kwenye vitoroli vyake akaanza kusukuma, na huku anasukuma akayasema, polepole, vile binti yangu alivyokuwa akimsomea, na makosa yale yale ya Kiswahili chake: "'Mzee ya kofia alikataa kubadilisha kitu haijaharibika. Akaniambia niende nyumbani. Nitarudi kwake siku zote.'" Akaanza ya pili, ya kijana wa gari la buluu.

Nikashika vitoroli upande mwingine nikasukuma naye. Mimi bado nina nguvu, msururu ukaanza kwenda haraka. Mtu mwenye koti kama lake akatoka mlangoni akasimama akitutazama.

"Acha, patron," Mzee akasema chini chini. "Wataona kama siwezi."

Nikaachia. Akasukuma peke yake hadi mlangoni, na sikumsikia tena yuko kwenye neno la ngapi.

Mkanda wangu ulikatika siku ya kumi na mbili, kwenye 270.